Waliposema Vinasaba

Mwanangu wa kwanza alikuwa hajatimiza miaka miwili alipoanza kuvimba vidole, vya mikono na vya miguu. Ukimgusa analia, usipomgusa analia. Mie nikadhani kaumwa na mdudu. Kumpeleka hospitali, hapahapa Mbagala, wakampima damu, nesi akaniambia ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

"Kwetu hakuna huo ugonjwa," nikamjibu, tena kwa ukali. Mie mzima, baba yake mzima, anashinda anabeba mifuko ya saruji. Mtoto kautoa wapi?

Nesi akavua miwani. Akasema kila mtu ana vinasaba viwili vya jambo hilo, kimoja kapewa na mama, kimoja na baba. Kizima kina nguvu, kinakifunika kibovu, na mtu anazeeka hajui kama anacho. Mtoto akiangukiwa na vibovu vyote viwili, cha kuvifunika hakuna. "Baba yake naye aje tumpime."

Sikuelewa. Kitu kibovu kikae mwilini mwangu miaka yote kimya, halafu kije kumwibukia mtoto? Nikayabeba maneno vilevile mpaka nyumbani. Mume wangu alikuwa anakula, na mama yake kaja kutoka Ukonga kumwona mjukuu. Nikamwamkia mama, nikamgeukia mume wangu, "Baba, hospitali wanataka ukapimwe vinasaba."

Loh! Tonge likabaki mkononi. Huku kwetu vinasaba tunavisikiaga redioni, pale mwanaume anapotaka kujua kama mtoto ni wake. Mama mkwe akakohoa.

"Kumbe," akasema. "Ndiyo maana yale masikio ya mtoto mie siyajui, kwetu hayapo."

"Masikio gani mama, jamani? Mtoto anaumwa!" Nikaanza kueleza, mara kizima, mara kibovu, mara kufunikwa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuvuruga.

"Kwa hiyo kuna kitu umekifunika," mume wangu akasema. Akanawa, chakula hakukimaliza.

Wiki nzima hakumbeba mtoto. Hiyo iliniuma kuliko habari ya masikio. Mtoto anamnyooshea vile vimikono vilivyovimba, yeye anatafuta viatu atoke.

Mwisho akakubali kupimwa. Tukaenda sote, na mama yake akafuata, hakutaka kusimuliwa. Majibu yalipotoka nesi akasema, "Baba, unacho kibovu kimoja, kama mama alivyo nacho. Mtoto kapata cha kwako na cha mwenzako."

"Cha kwangu?"

"Cha kwako."

Weee! Alimnyakua mtoto mikononi mwangu. "Wangu! Mama, umesikia? Wangu kabisa!" Mama mkwe akapiga kigelegele palepale kwenye korido, wagonjwa wakageuka.

Nesi akanitazama, nami nikamtazama. Nilitaka kumwambia mume wangu, baba, hivi umesikia ulichoambiwa? Lakini mtoto alikuwa kamlalia begani, katulia, halii tena. Nikajikuta nami napiga kigelegele huku machozi yananitoka, na sijui nashangilia nini.