Mdudu wa Msalaba katika Mbaazi za Paska

Paska alivuka mpaka kutoka Kajo Keji na kibuyu kimoja cha mbegu za mbaazi za marehemu mama yake. Kule nyumbani hakubaki mtu wa kumpa nyingine. Mwaka huu, katika kishamba chake nje ya Koboko, maganda yalianza kutoboka, naye akaona mbegu za mama zinakwisha.

Mimi ni afisa kilimo, nafika kutoka Arua kila Jumanne. Nilidhani ni funza wale wanaoishi ndani ya ganda. Paska akakataa.

"Hapana, madam. Hii haiingii ndani. Inaingiza kichwa tu, kama mbuzi kwa sufuria."

Alikuwa amefungia viwavi wanne wenye nywele ngumu ndani ya chupa, mdomoni kipande cha chandarua. Alitaka kujua watakuwa nini.

Jumanne iliyofuata nilimkuta ameketi chini, chupa mapajani. Ndani alikuwa ametua nondo wa kahawia, mwembamba kama bua, mabawa yamechanika kama manyoya ya ndege, ameyanyoosha pande mbili.

"Iko ile ya kanisa," alisema.

Katekista Constantino alikuwa amekataza watu kumuua mdudu huyo, kwa kuwa ana umbo la msalaba. Paska, mfagiaji wa kanisa, kila Jumamosi aliwatoa ukutani kwa viganja na kuwaachia nje. Aliwaachia kando ya mbaazi zake, zilizopakana na kanisa.

Kitabu changu cha chuo kinataja nondo wawili wa namna hii. Kuwatofautisha kunahitaji hadubini, nami sina. Nilikiri kwamba jina silijui.

"Jina, tafuta wewe. Mimi najua nyumba yake."

Jumapili nilirudi, nikamsindikiza kanisani. Alikuwa ameongeza kiwavi mmoja na ganda bichi ndani ya chupa.

"Paska, unashitaki msalaba?" Constantino aliuliza.

"Kama hii iko msalaba, mzee, basi panya yangu iko askofu. Angalia hii ganda."

Watu walicheka. Constantino aliigeuza chupa polepole, akamtazama kiwavi aliyezamisha kichwa.

"Na mimi niko na mbaazi nyuma ya nyumba," alisema kwa sauti ya chini.

Kesho yake asubuhi yeye na Paska walikuwa shambani kwa Paska, wakiokota viwavi juu ya maganda na kuwatumbukiza katika maji ya sabuni. Baada ya hapo wakaenda kwa Constantino.

Wakati wa mavuno kibuyu cha mama kilijaa mbegu mpya hadi nusu. Paska alikiweka sikioni, akakitikisa, akasikiliza.