Nilitaka Tuugue Corona Mapema Yaishe

Kosa ni langu peke yangu. Mume wangu msimlaumu, yeye alikunywa tu alichopewa.

Ilikuwa wakati wa corona, nasi tunaishi Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Sokoni nikasikia watu wakisema ugonjwa huu haufai kukimbiwa: wengi wakiugua wakapona, utakosa wa kumshika, utaondoka wenyewe. Maneno hayo yaliniingia vizuri sana. Nilikuwa nimechoka kuogopa, jamani.

Wiki hiyo akaja Kambale, binamu wa mume wangu kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, anatetemeka kwa homa. Wengine wangemtengea chumba. Mimi nilimpokea kama bwana harusi. Nikapika uji wa mtama, nikamwambia aanze yeye kunywa, kisha kikombe kizunguke kwetu.

"Shemeji, hakuna vikombe ingine?" akauliza.

"Viko. Tunataka hicho chako."

Akanikazia macho. "Uko na akili kweli? Mutu anatafuta ugonjwa?"

"Kunywa, upitishe."

Baada ya siku chache mume wangu akapiga chafya, nikafurahi. Mimi kichwa kikaniuma kidogo, nikasema ndiyo hiyo. Kambale akapona, akarudi kwao. Basi nikatangaza mtaa mzima kwamba sisi tumemaliza yetu. Barakoa nikaigeuza kitambaa cha kushikia sufuria. Sokoni nikawa nakumbatia hata watu wasionijua.

Kisha nikaenda Katwe kwa mama mkwe, mjane anayechota chumvi ziwani. Alikuwa amejifungia, hapokei mgeni.

"Simama hapo hapo," akaniambia mlangoni. "Tuongee ukiwa mbali."

"Mama, mimi sina shida. Nimeshaugua, nimepona."

Akaniamini. Nikalala naye kitanda kimoja, nakohoa kidogo, nasema ni vumbi la njiani.

Asubuhi moja niliunguza samaki mpaka wakawa makaa, na sikusikia harufu yoyote. Ndipo nikajua corona ndiyo hii. Nikakimbilia chumbani, nikamkuta mama anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Tukamkimbiza hospitali Kasese, akawekewa oksijeni. Mimi nikabaki nje ya geti. Nikampigia Kambale huku nalia: imekuwaje niugue mara mbili?

"Mara mbili?" akashangaa. "Miye nilikuwa na malaria, shemeji. Walinipima mbele ya kuvuka mpaka, dawa ilikuwa mu mufuko. Hamukuniuliza."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Askari wa geti akasogea pembeni kidogo.

Mama alipona, namshukuru Mungu, lakini pumzi haikurudi yote. Ziwani haingii tena. Naingia mimi kwenye kidimbwi chake cha ukingoni mwa ziwa, chumvi inaniuma kila nilipochubuka, naye amekaa ukingoni akinisimamia kama afande.

Siku moja nikiwa humo humo majini nilimweleza ukweli wote, kuanzia uji. Aliinuka, akakung'uta leso yake, nikajua ananifukuza.

"Na hiyo malaria," akauliza mwishowe, "mliipata?"

"Hapana, mama."

"Hata hiyo ilikushinda."

Akacheka mpaka akashika kifua. Mimi sikuweza kucheka. Nilimtazama akitafuta pumzi, nikageukia kazi.

Wewe unayenisoma, ugonjwa usiualike kwako hata ukiambiwa ni mdogo. Na ukimsikia mtu anasema tuugue wote yaishe, muulize tuanze na mama wa nani.