Boneti Nyekundu ya Madame Godelieve

Mliosoma Brussels enzi zetu mnaikumbuka Jumatano: saa sita mchana kengele inalia, shule imekwisha, na siku yote iliyobaki ni yetu. Pale Berchem-Sainte-Agathe tuliruka kamba ya mpira mbele ya majengo yetu mpaka magoti yakachubuka, harufu ya sombe, kisamvu chetu, ikishuka ngazi zote. Maman akiita dirishani mara moja, umeshafika.

Nilipokuwa na miaka kumi, Jumatano zangu zilimezwa na trekta. Lilikuwa la Madame Godelieve, mjane wa Kiflamandi aliyekaa mwisho wa mtaa. Marehemu mumewe alililimia viazi, kisha likabaki bandani likiliwa na kutu, na Madame alitaka kuwapa watu wa vyuma chakavu. Papa, aliyekuwa akisafisha maofisi karibu na stesheni ya Gare du Nord, alilichungulia mara moja tu akarudi nyumbani macho yakimeta. Kwetu Kongo, kule Lubumbashi, alikuwa fundi wa matrekta. Hapa hakuna aliyewahi kumuuliza alikuwa nani. Akamwomba Madame amwachie alirudishie sura yake, naye akakubali, akatuwekea na kahawa.

Tukaanza na brashi ya waya na msasa. Vumbi la kutu likatufanya sote rangi ya matofali. Papa akaziba mabonde kwa puti, akafunika taa na usukani kwa magazeti. Mimi nikapewa boneti, niioshe kwa petroli mpaka kitambaa kitoke cheupe.

"Mafuta ikibakia, rangi haitashika," akaniambia mimi bintiye. "Unasikia, mama?"

Nilisikia. Lakini nje wenzangu walikuwa wanaruka kamba na zamu yangu inapita. Nikapangusa palipoonekana, pembeni nikaacha, nikakimbia.

Jumamosi Papa akapiga rangi nyekundu, ikapendeza mno. Jumapili tulipotoka kanisani tukapitia bandani. Boneti ilikuwa imejaa vitundu kama ngozi yenye tetekuwanga. Papa akagusa kwa kidole, rangi ikabanduka kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Nyumbani alikaa jikoni na suti yake, akamwambia Maman taratibu, "Mikono yangu imesahau kazi. Bon, Madame awapatie tu watu wa vyuma chakavu ile chuma yake."

Makofi ya Papa niliyajua. Uso ule sikuujua, na ulinitisha zaidi.

"Papa, si mikono yako," nikasema. "Ni mimi. Sikuosha pembeni."

Akanigeukia. "Ni weye?"

"Ni mimi, Papa."

"Donc mikono yangu iko bien, iko sawa?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akalegeza tai. "Merci, mama. Jumatano utapiga msasa boneti yote, weye peke yako."

Nilipiga msasa Jumatano tatu, mabega yakiuma, wenzangu wakinichungulia mlangoni na kamba yao. Papa aliikagua kila pembe kwa kiganja kabla ya kupiga rangi upya. Safari hii ikashika. Siku ya kulitoa trekta bandani, Madame alivaa koti lake zuri, akaketi juu ya madigadi, na Papa akaendesha polepole mpaka kona, watoto wote tukikimbia nyuma. Madame alicheka huku akifuta machozi. Tangu siku hiyo alimwita Papa "Monsieur le mécanicien", yaani Bwana Fundi, na mtaa mzima ukamwiga.

Siku hizi lile banda ni maegesho ya magari, na Madame alishatangulia. Wanangu, kitu kikikwaruzika kidogo, wanakuwa wameagiza kipya kwenye simu kabla sijavaa miwani. Majirani tunasalimiana kwenye kundi la WhatsApp. Mlango wa mtu hatuugongi. Nikiwasimulia wanangu habari ya trekta wananiuliza, "Maman, kuna vidéo?"

Hakuna video, wala picha hata moja. Sote tulikuwa na rangi mikononi, nani angeshika kamera?