Kifaru Tulichokisugua kwa Mikono

Kwenye karatasi ya msimamizi wa kazi imeandikwa kwamba fundi mwenzangu alikufa kwa sababu alikuwa amelewa ulanzi, pombe ya mianzi. Hakuwa amelewa. Nilikuwa naye humo ndani, mimi nikabaki hai, kwa hiyo naandika. Majina ya watu nimeambiwa nisitaje. Sawa. Lakini cheo cha mtu amekivaa mwenyewe, nitamtaja kwa hicho.

Ila nisianzie kwenye kifo. Ile miezi ilikuwa mizuri, na mpaka leo nikinusa nta ya nyuki nakuwa nimerudi Iringa.

Sisi tulikuwa mafundi bodi hapa Mbeya. Gari likigongwa huko barabara ya Zambia, likija limekunjamana kama karatasi, tunalinyoosha. Mimi Mnyakyusa, darasa la saba. Mwenzangu alikuwa Mngoni wa Songea, ameoa Chimala na kuhamia hukohuko kwa wakwe. Mrefu, sauti nzito, aliimba besi kwenye kwaya ya kigango chao. Zamani alikunywa sana. Halafu akasimama kanisani mbele ya watu, akasema nimeacha, na tangu siku hiyo hata togwa aliinusa kwanza.

Msimamizi alitufuata gereji. Alisema kuna kifaru cha jeshi, kizee, kinataka kuwekwa makumbusho, na mafundi wa kule wameogopa.

"Ni bati tu, kama basi," alisema.

"Bati la unene wa kiganja," mwenzangu akamjibu. Lakini macho yalikuwa yanamng'aa. Mtu umepiga bodi za Hiace miaka ishirini, ukiambiwa kifaru unakuwa kama umeitwa harusini.

Tulikikuta Iringa kwenye uwanja wenye ukuta, majani yamekifika kiunoni. Minyororo imeshikana na kutu, mtutu umeinama kama ng'ombe anayekunywa maji, na ndani nyuki wamejenga. Mbele yake amekaa mzee mmoja wa Kihehe kwenye kigoda, chupa ya chai miguuni. Alikuwa mwanajeshi mstaafu. Kifaru kama kile ndicho alichoendesha vita vya Kagera, na walimwita atuelekeze kipi kilikaa wapi.

"Kamwene, baba," nilimsalimia.

"Kamwene." Akamwangalia mwenzangu kuanzia viatu kwenda juu. "Na huyu mlingoti umeutoa wapi?"

"Songea, mzee," akajibu mwenyewe.

"Mngoni! Wameniletea Mngoni kwenye kifaru changu! Ficheni spana."

"Nimekuja kumalizia kazi ya babu yangu. Alichoka kuwasubiri mmalize kula mbwa."

"Umekuja kwa sababu umesikia humo ndani kuna panya."

Wakashikana mikono wakicheka. Wahehe na Wangoni mababu zao walipigana vikali, ndiyo maana wajukuu ni watani. Kuanzia asubuhi ile hakukuwa na siku waliyonyamaza. Mwenzangu akichelewa, mzee anasema amekwenda kutega panya. Mzee akisinzia, mwenzangu anampigia saluti ya kumshtua: "Afande, Wangoni wanakuja!"

Nyuki tuliwatoa kwa moshi, tukala asali, na mzee akatukataza kutupa masega. Bolti za kifaru kile zilikuwa zimegoma. Tulikwishakata moja kwa kutumia nguvu, mzee akaumia kama tumemng'oa jino. Akatufundisha: ipashe bolti moto mpaka iwe nyekundu, iache ipoe kidogo, halafu igusishe nta. Inainywa. Inavuta ile nta mpaka ndani kwenye meno, na ukirudi na spana inageuka polepole, inalia kidogo. Ya kwanza ilipogeuka tulipiga kelele mpaka mama wa vitumbua nje ya ukuta akaja kuuliza nani amezaa.

Rangi nayo tuliisugua kwa msasa na maji, kwa mikono. Mashine ya kusagia mzee hakutaka kuiona. Alisema kifaru kimepakwa juu kwa juu na watu wa kila aina, tukikimbilia mashine tutafuta na ile ya kwake ya kwanza. Basi tunasugua, yeye anachungulia. "Bado. Hiyo ya jana." Tunasugua. "Bado, hiyo ni ya malori." Siku ya nne kwenye ubavu kikatokea kijani kizito, kama jani la mgomba lililolala, na juu yake namba zilizoandikwa kwa brashi na mtu ambaye mkono wake haukutulia. Mzee akaweka kidole juu ya namba. Mwenzangu, ambaye siku zote alikuwa na neno, akaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Tulipomaliza kiti cha dereva na zile fimbo mbili za kukatia kona, tulimshikia mzee akashuka kwenye tundu la mbele. Akavuta ya kushoto, akavuta ya kulia. Hakuna injini, kimya, lakini mabega yake yalikuwa yanaendesha. Hiyo ndiyo siku ninayoikumbuka sana kuliko zote, hata kuliko ile nyingine.

Ile nyingine ni hii. Wageni wa ufunguzi walikuwa wanakuja Jumatatu. Ijumaa ilibaki rangi nyeupe ya ndani, na ndani ya kifaru ni kama ndani ya chungu. Tulikuwa na utaratibu wetu: vifuniko vyote wazi, na mzee nje anagonga bodi kwa spana. Akigonga mara mbili, tunajibu mara mbili. Tusipojibu, anaita watu.

Mchana upepo wa Iringa ukaamka na vumbi lake jekundu. Rangi ya nje ilikuwa mbichi, na ya ndani ndiyo tunaipiga. Msimamizi akaja anakimbia.

"Fungeni vifuniko! Vumbi litaharibu rangi!"

"Bosi, humu kuna thina ya rangi. Hewa hakuna," mwenzangu akasema.

"Dakika kumi tu. Nimeomba feni, wamekataa, nifanye nini?"

Tukakubali. Na mimi nilikubali, nijitaje na mimi. Tulisema mzee si anagonga. Aligonga, tukajibu. Akagonga tena, tukajibu. Halafu msimamizi akamwita getini, kuna wageni wamefika mapema wanataka kupiga picha na shujaa. Mzee akaenda.

Mwenzangu alianza kucheka bila sababu. Nikajua thina imempanda kichwani. Nilitambaa mpaka kwenye tundu la dereva, kifuniko kikanishinda, mikono imekuwa uji. Yeye akaingiza bega chini yangu akanisukuma, mimi na kifuniko pamoja. Nikadondokea mbele, kwenye minyororo. Alipotolewa, alikuwa amekwisha.

Nyuma ya ukuta kulikuwa na dumu la ulanzi la vibarua wa zege. Msimamizi akaliona dumu, akaandika karatasi. Mkubwa wake akaisaini bila kuja kitandani kwangu hospitali kuuliza.

Siku nne baadaye nilitoka hospitali, sauti imekufa, koo limeungua. Mzee alinishika mkono tukapanda basi la Chimala kwenda kuzika. Tukakuta habari imetutangulia: msimamizi ndiye aliyeleta mwili, na neno la ulanzi alilileta pamoja nao. Katekista amesema ataongoza sala, ila kwaya haitaimba, kwa mtu aliyeahidi mbele ya kanisa halafu akafa mlevi. Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka anaangalia ukuta. Mume kufa ameshakubali. Hilo la kwaya lilimkalia kifuani. Nikafungua mdomo nimwambie. Ukatoka upepo tu.

Jeneza lilipofika karibu na kaburi, mzee akalala njiani.

"Halipiti! Mimi mtani wake! Mngoni huyu hajaniaga!"

Watu wakatabasamu, watani wana haki yao. Akainuka, akajifunika beseni kichwani, akaimba besi vibaya mpaka wanakwaya wakacheka wanalia. Halafu akatoa tumbo mbele, akatembea kama msimamizi, mkono sikioni kama ana simu.

"Fungeni vifuniko! Jumatatu nina wageni!" Akaingia chini ya beseni: "Bosi, humu hewa hakuna." Akatoka: "Dakika kumi tu!" Halafu akaacha kuigiza, akasimama na beseni mkononi. "Na kulikuwa na Mhehe mjinga wa kugonga. Akaitwa kupigwa picha, akaenda. Alikwenda anaweka kofia sawa!"

Hakuna aliyecheka.

"Mzee," katekista akauliza, "huo ni utani au ni habari?"

"Nitanie kwa uongo mbele ya kaburi? Huyu hapa alikuwemo, muulize."

Nikanyoosha mkono juu kama mtoto wa shule, nikatikisa kichwa kukubali.

"Na ulanzi?"

"Wa vibarua. Huyu Mngoni aliwasema mpaka wakahamisha dumu nyuma ya ukuta."

Msimamizi alikuwa amesimama karibu na gari lake. Mtani ukimkasirikia msibani, umejitaja mwenyewe. Akaangalia simu, halafu hatukumwona kwenye chakula.

Katekista akageuka kwa wanakwaya, akawainulia mkono. Besi ilikuwa nyembamba, watu wawili tu, lakini waliimba nyimbo zote mpaka udongo ukajaa. Mjane akainua uso.

Ile karatasi bado ipo ofisini Iringa. Kifaru nacho kipo, watu wanakipanda wanapiga picha, na rangi tumeipata sawasawa.

Jioni mjane alimpa mzee kuku, haki ya mtani. Nilimsindikiza stendi. Alikuwa amemkumbatia kuku kifuani, anawatukana Wangoni wote kwa sauti kubwa, kila anayepita anasikia, na machozi yanamshuka, hana mkono wa kuyafuta.