Viatu Shingoni

Kwetu Nyakach, mtu aliyekuwa na viatu hakuvivaa njiani. Alizifunga kamba zake pamoja, akavining'iniza shingoni, akatembea pekupeku hadi kijito kilicho karibu na soko la Katito. Hapo aliosha miguu, akaipangusa kwa majani, akavaa viatu na kuingia sokoni kama mtu anayeheshimika. Naieleza desturi hii mapema kwa sababu baadaye iliitwa ujinga, na aliyeiita hivyo alikuwa ameifuata mwenyewe utotoni.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa karani wa stoo katika karakana ya mashua, kando ya ziwa, Kisumu. Nyuma ya ukuta wangu alifanya kazi rafiki yangu, fundi wa turubai. Alishona vifuniko vya mashua kwa cherehani nzito ya kukanyaga, na mguu wake wa kulia ndio uliowalisha watoto sita. Mlio wa cherehani ile niliusikia kutwa nzima. Ukikatika, niliinua kichwa.

Mkuu wa karakana alikuwa mtu wa upande wetu, aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo. Aliamua kwamba sikukuu ya Pasaka tutaupanda Mlima Kenya na kupiga picha kwenye theluji, picha itundikwe ofisini, wakubwa waione wakija kutembelea. Alinichagua mimi kwa kuwa nilikuwa msomaji wa vitabu, na fundi kwa kuwa aliweza kutushonea mikoba ya mgongoni. Nilikuwa nimesoma kwamba mlima ule ni volkano iliyozimika zamani, na kwamba vilele vyake ni mawe yaliyogandia kooni mwake. Nilikuwa pia nimesoma kuhusu masika yake. Nikamwambia kwamba mwezi ule si wa kupanda.

"Bwana stoo," akanijibu, "mlima si godauni. Hauhitaji kibali chako."

Chini ya mlima tulikodi viatu vizito vya ngozi, jozi mbili, yangu na ya fundi. Mkuu alikuwa na vyake. Alivishika vile vya kukodi kimoja kimoja, akavikagua, akatuambia: "Hivi ni viatu vya watu. Atakayevirudisha na tope atanijua mimi ni nani."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Fundi pia aliyasikia.

Siku ya kupanda tuliondoka kwenye kibanda cha kwanza saa kumi na mbili asubuhi, jua likichomoza safi. Alituongoza kijana mmoja Mkikuyu, mzaliwa wa pale chini ya mlima, mtu wa maneno machache. Saa mbili msitu ukaisha. Mbele yetu ukafunguka mteremko mrefu wa nyasi na tope jeusi, maji yakitiririka kila mahali. Ukungu ulishuka, ukaondoka, jua likawaka, kisha mvua ya mawe ikatupiga kwa dakika kumi na kuacha. Yote hayo katika muda wa saa moja.

Fundi akasimama. Akaketi juu ya jiwe, akavua viatu na soksi, akakunja suruali. Soksi akazitia mfukoni, viatu akavining'iniza shingoni. Nami nikafanya vivyo hivyo. Hatukushauriana. Tope lilikuwa tope, na viatu vilikuwa vya watu.

Kiongozi akageuka, akapiga kelele: "Wazee, vaeni viatu! Hii si shamba ya mpunga!"

"Omera, ndugu yangu, tope imenijua tangu nizaliwe," fundi akacheka.

"Hii haikujui! Hii ni maji ya barafu!"

Mkuu alikuwa amesimama juu kidogo, viatu vyake vimejaa tope hadi kwenye vifundo. Akasema bila kugeuka vizuri: "Waache. Watu wa ziwa wamezoea. Tunachelewa."

Mtu huyo alizaliwa ng'ambo ya mto tu kutoka kwetu. Alikwenda shule pekupeku kama sisi. Angeweza kusema neno moja, "vaeni", na tungevaa, kwa kuwa katazo lilikuwa lake. Miaka imepita na bado nikifika hapa mkono wangu unakaza kalamu.

Tulitembea kwenye tope lile saa moja na nusu. Mwanzoni maji yalichoma, kisha hayakuchoma tena. Fundi alisema miguu yake imelala, akacheka kwamba imepata likizo kabla yake. Tulipofika kwenye mawe tukavaa viatu. Fundi alivuta soksi zake mfukoni. Zilikuwa zimelowa ndani ya mfuko uliolowa kwa mvua ya mawe, akazikamua, akazivaa hivyo hivyo. Mimi nilikuwa na jozi mbili kavu, nilizozifunga kwa karatasi ya mkate. Nikavaa moja.

Saa saba tulifika kwenye kibanda cha juu. Kiongozi alitaka tulale. Mbingu ilikuwa imefunguka ghafla, buluu tupu, na theluji ikaonekana juu yetu, karibu kama paa la nyumba ya jirani. Mkuu akasema tutaifikia leo leo, tupige picha, turudi kulala.

"Anga hii inadanganya," kiongozi akasema.

"Nimekulipa unionyeshe njia, si unifundishe anga."

Tuliifikia karibu saa kumi. Fundi alichota theluji kwa mkono, akailamba, akasema haina hata chumvi. Kiongozi akatupiga picha. Alipokuwa akikunja kamera wingu likatumeza, na theluji ikaanza kuanguka, kimya, nene, mpaka sikuona mgongo wa mtu aliye mbele yangu. Katika kushuka fundi alianguka mara ya kwanza, akacheka. Mara ya tatu hakucheka. Alisema hajui miguu yake iko wapi.

Kibandani kiongozi alimvua viatu. Vidole vya mguu wa kulia vilikuwa vyeupe na vigumu, kama nta ya mshumaa. Kijana yule alifungua koti na shati lake, akaiweka miguu ya fundi kwenye tumbo lake mwenyewe, akaikumbatia hapo huku meno yake yakigongana.

Mkuu alitazama. Akauliza: "Nani aliwaambia mvue viatu? Ujinga gani huu wa kijijini?"

Hospitalini fundi alikatwa vidole viwili, na kimoja kilikuwa cha gumba. Aliporudi kazini, mlio wa cherehani ulibadilika: hatua tatu, kimya, hatua mbili, kimya. Alikuwa akisukuma kwa kisigino. Vifuniko alivyokuwa akivimaliza kwa siku moja sasa vilimchukua siku tatu, na mkuu akaanza kuulizia mtu mwingine wa kazi ile.

Wiki hiyo hiyo mkuu aliniita. Picha ilikuwa imeshatundikwa. Alitaka niandike taarifa ya safari, ibandikwe chini yake, "kwa Kiswahili chako kizuri". Niliandika kurasa mbili. Nilitaja saa na mahali, na maneno yake yote mawili: yale ya viatu vya watu, na lile la "waache". Alisoma akiwa amesimama, akazikunja, akazitia kwenye droo.

"Bwana stoo, huyu mtu ni rafiki yako. Unataka kumtafutia lawama?"

"Lawama nimeiweka mahali pake," nikasema.

Nakala nilikuwa nayo. Nilimpelekea fundi, nikamsomea kando ya cherehani, nikamwambia tuipeleke kwa chama cha wafanyakazi kabla hajaachishwa kazi. Alisikiliza hadi mwisho, mguu ukiwa juu ya kikanyagio.

"Vidole vyangu vimepata shamba mlimani," akasema. "Mimi mwenyewe bado." Kisha akauliza, bila ukali: "Na soksi zako za pili umeziandika wapi?"

Sikuwa nimeziandika. Nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya siku ya pili. Nilikuwa nimesoma katika kitabu, kabla ya safari, kile ambacho unyevu hufanya kwenye baridi, nikamwona akikamua soksi zake, nikanyamaza.

Nilirudi stoo nikafunga mlango. Hasira yangu kwa mkuu haikupungua hata kidogo, na haijapungua. Lakini niliandika nakala upya, nikaongeza mstari wa soksi zangu kati ya mawe na kibanda cha juu, mahali ulipostahili kukaa, ndipo nikaipeleka chamani.