Anayemimina Aonje Kwanza

Jumamosi mchana baa moja ya hoteli hapa Moshi ilitualika kuonja wiski ya rai, nafaka ya ugenini inayofanana na ngano. Kijana mtaalamu kutoka Dar, kajifunga aproni ya ngozi, alitumiminia kidogo kidogo, akatufundisha kunusa, kulowesha ulimi, kisha kutema kwenye ndoo. Halafu akachanganya kokteli ya rai, asali na ndimu, akamsogezea mama mmoja wa Kibosho aliyekaa karibu nami.

Mama akairudisha glasi kwa kidole kimoja.

"Onja wewe kwanza."

"Samahani mama, nikiwa kazini sinywi."

"Basi na mimi sinywi. Kwetu anayekupa mbege, pombe yetu ya ndizi, hupiga funda la kwanza mbele yako, ndipo unajua hajakuwekea kitu."

Meneja wa baa akaingilia. "Lakini mama, hii ni chupa ya bei mbaya!"

"Sijauliza bei. Nimesema aonje."

Meza nzima tukaweka glasi chini. Kijana akamtazama meneja, meneja akatazama dari. Mwishowe kijana akanywa. Uso ukamkunjamana, mkono ukaenda wenyewe kwenye chupa ya asali.

"Umeona?" mama akasema. "Ulitaka tuinywe hivyo hivyo."

Siku hizi wanaotumiminia mambo matamu ni wengi, na wengi wao wako kazini, hawanywi. Mimi nimeshaamua. Ukiniletea dawa ya shida zangu, mheshimiwa, piga funda kwanza, nikuangalie uso.