Waliokuja Kumzika Lusungu Akiwa Hai

Nimewahi kuona watu wakija kumzika mtoto aliye hai.

Aliyewaita ni mimi.

Naitwa Doreen. Nilipomaliza chuo nilipata mafunzo mafupi ya kutumia muziki kusaidia watoto wenye ulemavu na maradhi makubwa. Shirika dogo likanileta Kyela. Baba yangu kwao ni huko, ila mimi nimekulia Dodoma. Kinyakyusa changu chote ni "ndaga", yaani asante.

Nilianza na watoto watano. Baada ya miezi miwili nikabaki na mmoja.

Mama mmoja aliniambia, "Dada, mwanangu anataka dawa, wewe unamletea manyanga."

Akamwingiza mtoto ndani.

Aliyebaki ni Lusungu wa Bujonde. Miaka sita, mtindio wa ubongo, na kifafa juu yake. Haongei, haketi. Akishikwa na mtu asiye mama yake, anakakamaa na kulia mpaka pumzi inakata. Kwa hiyo mama yake hakwenda shamba, hakwenda kanisani, hakwenda popote.

Lengo langu lilikuwa hilo tu: Lusungu akubali mikono ya mtu mwingine.

Bosi wangu yeye alitaka video. "Mtoto akitabasamu, sekunde thelathini. Bila hiyo mwezi ujao tunafunga."

Nikibonyeza kinanda, Lusungu anageuza shingo. Nikiimba, analia.

"Mwalimu," Mama Lusungu akaniambia, "kwa sauti hiyo hata mimi ningelia."

Nilikuwa nimechoka mbaya. Ndipo nikakumbuka tulichofundishwa: mtoto wa namna hii anaweza kuisikia ngoma kwa mgongo, akiegemezwa. Nikaelekezwa kwa mzee Nsajigwa, mtunza ngoma wa kitongoji cha jirani.

"Unaipeleka wapi, mwanangu?"

"Kwa Mama Lusungu. Ni kwa ajili ya mtoto."

Mzee akavua kofia. "Pole sana. Ni lini?"

"Kesho saa tatu asubuhi."

"Haya. Tutakuja."

Niliondoka na ngoma, nacheka peke yangu. Hatimaye mtu kaielewa kazi yangu.

Kesho yake Mama Lusungu alikuwa jikoni anakoroga uji. Lusungu alikuwa ameshamlaza kwenye mkeka; nikaisogeza ngoma ikamgusa mgongo, mimi mwenyewe bila kumshika, nikaanza kupiga polepole. Hakulia. Nikaongeza.

Mama yake akatoka mbio, mwiko mkononi.

"Hiyo ngoma umeitoa wapi?"

"Kwa mzee Nsajigwa."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba ni ya mtoto."

Akafumba macho. "Mwalimu, ngoma ya yule mzee haitoki bila msiba."

Hapohapo nikasikia kilio kinakuja kutoka kwenye migomba.

Walikuwa kama arobaini. Wanawake na vitenge viunoni, mchele, ndizi na kuni kichwani, wanaimba na kulia. Nyuma yao wanaume wanne na majembe begani.

Aliyetangulia ni Kisa, jirani wa karibu kabisa. Akafika kwenye mkeka, Lusungu akamgeuzia macho. Kilio cha Kisa kikazima kama redio iliyoisha betri.

"Mbona yuko hai?" mwanaume mmoja akauliza, kama mtu aliyedanganywa.

Nikaanza kuomba radhi. Hakuna aliyenisikiliza. Nilijua nafukuzwa siku hiyo hiyo.

Lakini Mama Lusungu hakuniangalia mimi.

"Miaka sita," akasema. "Miaka sita nawaita mnishikie mtoto nikapande mpunga. Mnasema njia ina matope. Leo imekauka?"

Akamgeukia jirani yake.

"Kisa, ukianika nguo nakuona."

"Tuliogopa, dada," Kisa akasema. "Akianguka kifafa mtu umempakata, akakufia mikononi, utasema nini?"

"Na akinifia mimi?"

Watu wakaanza kuinua mizigo yao.

"Wekeni chini," akasema. "Mlileta chakula kiliwe. Pikeni, mle naye. Na huo wimbo mliokuja nao, malizieni."

Kisa akaketi, akampakata Lusungu. Mtoto akakakamaa. Akalia, akalia. Wanawake wakaimba, sauti ya chini kabisa, mmoja baada ya mwingine. Mimi sikugusa chochote.

Ilichukua muda mrefu. Kisha mwili ukalegea, na Lusungu akalala kifuani kwa Kisa.

Mama yake akamtazama, akamtazama tena. Akamgeukia mwanaume aliye karibu. "Nipe hilo jembe."

Akaenda shambani kwake.

Nilirekodi. Jioni bosi akajibu: "Mtoto amelala. Hii nimwoneshe nani?"

Mwezi uliofuata wakafunga. Sasa niko Dodoma, natafuta kazi.

Juzi Mama Lusungu alinipigia. Nikamuuliza, kati ya wale arobaini wanaorudi ni wangapi?

"Wawili. Kisa na mama mkwe wake."

Iliniuma. Yeye akasema mpunga wake umeota.

Ndugu msomaji, mimi nilidhani kazi ni kumbadilisha Lusungu. Lusungu hakuhitaji kubadilika, alikosa watu. Kama jirani yako yupo mama wa hivi, usingoje kusikia kilio. Piga hodi, umwambie: nipe nimshike, wewe nenda kalime.